Tangi la Pili

Simu ililia mara mbili, ikakata. Ikalia tena.

Sindano alijifuta mikono kwenye aproni, akatoka nje ya stoo ya vyombo na kupokea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshaondoka?"

"Bado. Tunapakia."

"Mgonjwa wetu anasafiri leo. Gari alilopanda hatulijui. Magari matano yanakwenda huko wiki hii, na kila gari lina mtu wetu. La kwako liangalie wewe."

"Amebeba nini?"

"Mwewe. Amekatwa vipande. Na kiberiti chake."

"Na wageni wa harusi?"

"Wanapita juu ya korongo kesho saa nne asubuhi. Ukimwona mgonjwa, piga. Usipopiga, tutajua hayumo, na wageni wataruka."

Sindano alitazama uani. Juu ya keria ya Land Cruiser, mwanamume mmoja mnene alikuwa anavuta kamba kwa meno huku anaimba.

"Na dereva, shangazi?"

"Dereva akiwemo, naye ni mgonjwa. Hata akiwa wa nyumbani."

Simu ikakatika.

Mwenye sauti ile hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa kitengo katika ofisi isiyo na kibao mlangoni, na kwa miaka minne Sindano alikuwa amemwona uso kwa uso mara mbili tu. Mgonjwa ni mtu aliyetumwa kuua. Mwewe ni droni, iliyofunguliwa ili ipite vizuizini. Kiberiti ni baruti, ya kutosha kuimaliza helikopta na wote waliomo. Na wageni wa harusi ni wajumbe kumi na wanne wa pande mbili zilizopigana miaka tisa, ambao kesho wangepanda chombo kimoja kwa mara ya kwanza, kwenda kutia saini amani. Ng'ambo kulikuwa na watu waliokula vizuri muda wote wa vita ile. Hao hawakutaka harusi.

Kwa miezi saba sasa Sindano alikuwa mpishi wa kambi katika kampuni ya kutembeza wageni porini. Kazi aliipata bila kusumbuka, kwa sababu dereva mkuu wa kampuni ni mume wa dada yake.

Huyo huyo aliyekuwa anavuta kamba kwa meno.

"Shem," alimwita kutoka juu, "simu ya alfajiri hiyo ya nani? Mchumba?"

"Shangazi."

"Shangazi gani anapiga saa kumi na mbili? Huyo ana ndevu."

"Anazo. Kukuzidi wewe."

Shemeji alicheka. Kicheko kilikuwa kifupi, kikakatika katikati kama kimekumbuka kitu.

Sindano alikiweka hicho moyoni. Akaweka na kingine: madumu sita ya dizeli yaliyofungwa kwenye keria, mahali panapokaa mahema siku zote. Mahema leo yalikuwa yamebanwa ndani, juu ya magunia yake ya viazi.

"Madumu ya nini, shem?"

"Tahadhari. Bosi kasema."

Wageni wa safari hiyo walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mzee mwembamba wa ng'ambo, nywele nyeupe, anayesema Kiswahili safi na "tafadhali" kila baada ya maneno matatu. Alijitambulisha kuwa mtaalamu wa mawe. Wa pili alikuwa mwanafunzi wake. Mwanafunzi huyo alikuwa na shingo nene kama gogo na mabega yaliyoingia mlangoni kwa zamu, moja kwanza na lingine baadaye. Sindano alimbatiza Bega kimoyomoyo.

Alipakia vyake mwenyewe. Masufuria. Ndoo ya plastiki ya unga, na chini kabisa ya unga, ndani ya nailoni, Glock 19 yenye risasi kumi na tano. Chupa ya chai yenye kitako cha bandia, na ndani ya kitako, simu ya setilaiti, Thuraya. Baada ya kizuizi cha mwisho mtandao wa kawaida hufa, na isiyokufa ni hiyo tu.

Saa moja kamili waliondoka.

*

Mji uliisha ghafla, kama mtu aliyechoka kuongea.

Baada ya hapo ni uwanda. Nyasi za rangi ya mkate, barabara ya vumbi iliyonyooka, na mbele kabisa maji ya uongo yanayometameta na kukimbia kila unapoyakaribia. Kilomita mia nne na themanini bila kona ya maana. Swala walisimama mbali, wakatazama, wakarudi kwenye majani yao.

Bega hakutazama swala. Alitazama barabara nyuma yao.

Mzee wa Mawe alisinzia. Shemeji aliendesha kwa mkono mmoja, kama kawaida yake, lakini ule mkono mwingine haukuwa dirishani. Ulikuwa pajani, umekunja ngumi.

"Dada hajambo?" Sindano aliuliza.

"Ulimwona juzi."

"Wewe umemwona leo."

"Hajambo. Kanifungia mkate." Alikwepa shimo. "Shem, hivi dada yako akiamka siku moja akute gari nje, la kwetu wenyewe, atasemaje?"

"Atauliza limetoka wapi."

"Haya, ndiyo nyinyi hao. Ukoo mzima wa polisi."

Alisema kwa mzaha. Sindano akacheka kwa mzaha. Lakini alitazama tena ile ngumi pajani.

Saa tano walifika kwenye mwamba uliopasuka, kilomita mia mbili na hamsini. Hapo ndipo mahali pa swichi. Gari lile lina matangi mawili, lita tisini kila moja, na chini ya redio kuna swichi ndogo ya kuhamisha kutoka la kwanza kwenda la pili. Madereva wa kampuni ile wana desturi yao: mkifika mwamba uliopasuka, aliyekaa mbele anabonyeza swichi, na aliyebonyeza anachagua nyimbo mpaka korongoni. Miezi saba, Sindano hajakosa hata safari moja.

Alinyoosha kidole.

Shemeji aliudaka mkono wake hewani.

"Acha, shem. Leo inasumbua."

"Tangu lini?"

"Jana. Wewe chagua wimbo tu."

"Nachagua ule unaouchukia."

"Weka."

Akauweka. Ukaimba mwanzo mpaka mwisho. Shemeji hakuguna, hakuziba masikio, hakusema mwimbaji akapimwe koo. Hapo ndipo Sindano alipoogopa kwelikweli.

Baada ya kilomita thelathini gari lilisimama. Shemeji alipanda juu, akashusha dumu moja, akaanza kumimina kwenye tangi la kwanza. Gari lenye matangi mawili linakwenda korongoni na kurudi bila kuomba tone. Gari linalobeba madumu ni gari lenye tangi moja.

Sindano alizunguka upande wa pili kana kwamba anatafuta kikombe. Akachuchumaa. Akaligonga tangi la pili kwa kifundo cha kidole.

Tangi lenye dizeli hujibu kwa sauti nzito chini na nyepesi juu. Tangi tupu hulia kama debe.

Hili halikulia. Lilisema "pu", kama mto wa kulalia. Lilikuwa limeshindiliwa kitu laini, na ndani ya kitu laini kuna kitu kisichotakiwa kutikisika.

Mgonjwa alikuwa amepanda gari lake.

Alichukua chupa ya chai, akaanza kutembea kuelekea kwenye nyasi ndefu. Hatua kumi. Ishirini. Angehitaji dakika moja tu ya anga wazi.

"Unakwenda wapi?"

Bega alikuwa nyuma yake. Mtu mkubwa vile, na hakusikika.

"Haja, kaka."

"Na chupa ya chai?"

"Ya kunawa."

"Unanawa kwa chai?"

"Ndiyo maana nina ngozi nzuri."

Bega hakucheka. Alinyoosha mkono, akaichukua chupa, akafungua kifuniko, akamimina kikombe kimoja na kunywa akiwa amemkazia macho.

"Nenda. Nitakushikia."

Alikwenda. Aliporudi, chupa ilikuwa katikati ya viatu vya Bega, na ilibaki hapo kilomita mia mbili zote zilizosalia.

*

Korongo halina mlango. Uwanda unakwenda, unakwenda, halafu haupo. Unasimama ukingoni na miguu inakataa. Kuta nyekundu zinashuka kama zimekatwa kwa kisu, na huko chini kuna mchanga mweupe, na njia ya gari ni moja, inayojikunja mara tisa.

Waliteremka saa kumi jioni. Chini, anga lilikuwa ukanda mwembamba wa buluu. Hata kama angekuwa na Thuraya mkononi, isingeona setilaiti yoyote.

Bega alihamishia chupa ya chai hemani kwake. Kisha akaweka kiti mwanzoni mwa njia ya kupandia, akakaa, bunduki mapajani.

"Kwa ajili ya fisi," alisema.

Sindano alikoka moto. Katika korongo lile upepo una tabia yake: jioni hushuka ukutani, asubuhi hupanda. Kila mpishi wa kambi hiyo analijua hilo, maana akikosea wageni wanakula huku wanakohoa. Alisogeza mafiga, akamenya viazi, akatazama bila kutazama.

Mzee wa Mawe alikuwa amempa Shemeji spana.

"Lifungue tangi, tafadhali. Usiliinamishe, tafadhali. Ukimaliza, utaketi ndani ya gari mpaka kesho, tafadhali sana."

Sindano alipakua sahani, akaenda nayo. Miguu ya Shemeji ilitokeza chini ya gari, viatu vimetobolewa na miaka.

"Shem. Chakula."

"Weka hapo."

Alichuchumaa. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi.

"Kuna nini kwenye tangi?"

Spana iliacha kuzunguka.

"Dizeli."

"Nimeligonga."

Halafu mnong'ono: "Mawe. Mawe ya thamani, wanawaficha watu wa forodha. Mimi sijayaona. Nimeambiwa tukifika salama gari hili ni langu, kadi inaandikwa jina langu. Miaka kumi na moja, shem. Miaka kumi na moja naosha gari la mtu kila jioni, halafu narudi nyumbani kwa miguu."

"Mawe ya thamani huletwa korongoni tangu lini?"

Shemeji aliiweka spana chini.

"Hapa ndipo yanapotoka, shem. Angalia ulipolalia."

Pumzi yake ilisikika ikigonga bati la gari.

"Kesho saa nne helikopta inapita hapa juu," Sindano alisema. "Ina watu kumi na wanne. Uliyembeba kaja kuwangoja hao."

"Walisema mawe."

"Najua walisema."

"Wewe umejuaje?" Uso wake ulitokeza, umepakwa grisi, macho makubwa kama ya mtoto aliyeamshwa. "Shem, wewe ni nani?"

Alimtazama. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha, akimpigia kelele mpaka majirani wakatoka. Ndiye aliyembeba dada yake mgongoni siku alipovunjika mguu, ngazi nne, huku analalamika uzito. Na maneno ya Shangazi yalikuwa hayahitaji kufafanuliwa.

"Mdogo wa mke wako," alisema. "Kula, kinapoa."

Viatu vya Bega vilikuwa vinakaribia juu ya mchanga. Sindano aliinuka, akaiacha sahani.

*

Kulipokucha alikuwa hajafumba jicho.

Saa mbili Mzee wa Mawe na Bega walibeba sanduku lenye vitu vilivyotoka tangini mpaka kwenye jukwaa la mwamba, mita ishirini juu ya kambi. Sindano alisugua sufuria kubwa mpaka ikawa kioo, akaigeuza, akawaona humo ndani bila kuinua shingo. Mikono sita ya droni ilikunjuliwa mmoja mmoja. Betri. Kamera. Kisha kifurushi cha kahawia, kilichofungwa tumboni kwa utaratibu wa mtu anayemvisha mtoto.

Saa tatu. Bega alishuka, akasimama kati ya moto na gari, bunduki mkononi. Shemeji alikuwa ameketi nyuma ya usukani kama alivyoagizwa.

Sindano alitazama Casio yake. Saa tatu na dakika ishirini.

Ofisini hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Ndilo kosa walilokuwa wameliandaa wenyewe, mezani, kwa kalamu: walikubaliana kuwa kimya ni heri. Huko walikuwa wanakunywa chai, wanakisoma kimya chake kama habari njema, na helikopta ilikuwa inawasha injini.

Glock ilikuwa na risasi kumi na tano, lakini Mzee alikuwa juu, nyuma ya mwamba. Akimpiga Bega kwanza, Mzee angerusha droni na kungoja. Akimfuata Mzee, Bega angemmaliza njiani. Alihitaji kitu kitakachoziba macho ya yule wa juu na kufungua macho ya rubani, kwa wakati mmoja.

Moshi.

Si wa kuni. Kuni hutoa moshi mwepesi.

Alianza kuhamisha mafiga, moja baada ya jingine, mpaka chini kabisa ya jukwaa la mwamba.

"Unafanya nini?" Bega aliuliza.

"Upepo umegeuka, kaka. Utawaingia machoni."

Bega alitazama huku na huku, akatikisa kichwa kukubali. Upepo ulikuwa haujageuka. Ulikuwa unapanda moja kwa moja ukutani, kama kila asubuhi, kuelekea alipokaa Mzee. Mtu aliyewahi kupiga kambi korongoni hata usiku mmoja angecheka. Bega na Mzee walijua mabetri, baruti na mipaka. Kambi hawakuijua.

Lilibaki jambo moja. Magurudumu mawili ya akiba yalikuwa mlangoni nyuma ya gari, yamefungwa kwa nati ya kufuli, na ufunguo wake ulikuwa kwa Shemeji.

Sindano alisogea mpaka dirishani.

"Shem, nitolee sukari huko nyuma."

Sukari ilikuwa mezani. Wote wawili waliiona.

Shemeji alimtazama. Akatazama moto pale ulipohamia. Akatazama juu ya jukwaa. Ni dereva wa korongo kwa miaka kumi na moja. Upepo anaujua kuliko Sindano. Kwa muda wa pumzi tatu au nne hakufanya lolote, na katika pumzi hizo Sindano aliiona kadi ya gari machoni mwake, ikiwa na jina lake.

Kisha alifungua mlango.

"Rudi ndani," Bega alisema.

"Gurudumu la akiba lina pancha," Shemeji alijibu. Sauti ilikwaruza, lakini ilitoka. "Nisipoliziba sasa, tutalala uwandani. Kiraka cha moto kinataka moto, na moto huu hapa. Dakika kumi, bosi."

"Uzibe haraka."

Alifungua nati. Gurudumu la kwanza likaanguka, akalibingirisha mpaka kwenye mafiga. Akarudia la pili.

"Yote mawili?" Bega aliuliza.

"Kukicha vibaya kunakucha vibaya."

Akashusha na dumu.

Bega alielewa wakati dizeli inamwagika. Alielewa kwa kuchelewa. Moto uliruka juu kama mtu aliyekalia nyuki, mpira ukashika, na moshi mweusi, mzito kama lami, ukapanda ukuta mwekundu na kulimeza jukwaa lote.

Kutoka juu, kikohozi. "Zima! Zima hicho!" Tafadhali ilikuwa imesahauliwa.

Bega aliinua bunduki. Hakumlenga Sindano. Kwake mpishi alikuwa mpishi tu. Alimlenga Shemeji kifuani.

Mkono wa Sindano ulikuwa tayari ndani ya unga mpaka kiwiko.

Risasi mbili.

Unga ulitanda hewani mweupe, na katikati ya weupe ule Bega alikaa chini polepole, kama mtu aliyekumbuka amechoka. Moja ilikuwa begani, nyingine pajani. Bunduki ilianguka mchangani. Shemeji aliipiga teke, kisha akainama na kutapika.

Mbali, mlio. Tap tap tap tap.

Helikopta.

Juu ya jukwaa, droni iliwaka kwa mvumo wa nyigu. Mzee alikuwa ameamua kurusha bila kuona. Sindano hakuwa na la kufanya tena isipokuwa kusikiliza. Mvumo ulipanda, ukaingia moshini, ukayumba kushoto, ukarudi, ukitafuta anga ambalo halikuwepo.

Ukagonga ukuta.

Korongo lote liliruka. Mawe yalinyesha kwenye mchanga, juu ya mahema, juu ya boneti ya gari. Mwangwi ulikwenda mbali, ukarudi, ukaenda tena.

Ulipotulia, Sindano alitega sikio. Tap tap tap. Ule mlio ulikuwa unageuka. Ulikuwa unafifia kuelekea ulikotoka. Rubani alikuwa ameona nguzo nyeusi mahali ambapo hakuambiwa pana moto, akafanya anachofanya rubani mwenye akili.

Mzee wa Mawe alishuka kwa kupapasa, machozi yanamchuruzika, bastola mkononi na haoni pa kuielekeza. Kitu baridi kiligusa nyuma ya sikio lake.

"Chai iko tayari, mzee," Sindano alisema. "Weka hicho chini. Kaa. Mikono mezani, tafadhali."

*

Aliwafunga kwa kamba za mahema, na vidonda vya Bega akavifunga kwa aproni. Akaingia hemani kuchukua chupa ya chai. Kisha akasimama mbele ya Shemeji, aliyekuwa ameketi mchangani na masizi mpaka kwenye kope.

"Napanda kupiga simu," alisema. "Kwenda na kurudi ni saa nzima. Funguo iko kwenye gari."

Shemeji hakuuliza maana yake.

Njia ilijikunja mara tisa. Alipanda bila kugeuka nyuma, kwa makusudi, akisikiliza kama injini itawaka. Kule chini mchanga unaendelea upande wa kusini; si njia, lakini dereva mzuri anaweza kutokea huko. Ofisi ingemtafuta, lakini uwanda ni mkubwa.

Injini haikuwaka.

Ukingoni, anga lilikuwa pana mpaka linaumiza. Alifungua kitako cha chupa. Thuraya ilitafuta, ikatafuta, ikapata.

"Shangazi."

"Mungu wangu. Uko wapi? Rubani anasema kuna moshi."

"Ni wangu. Mwewe kafa. Wawili wako mkononi, mmoja ana majeraha, ataishi."

"Na wewe?"

"Mzima."

Pumzi ndefu upande wa pili. Kisha sauti ikawa ya kazi tena.

"Na dereva?"

Upepo ulilaza nyasi, ukaziinua. Neno moja tu lilitakiwa, na kulikuwa na mawili ya kuchagua, na ofisini wangeamini lake kuliko la wafungwa wawili.

Lakini yeye angejua. Na kulikuwa na wale watu kumi na wanne.

"Yumo," alisema.

"Una hakika?"

"Yumo, shangazi. Aliwabeba akidhani ni mawe. Na magurudumu kayawasha yeye. Ningekuwa peke yangu, mngekuwa mnazoa vipande."

"Vyote viwili vitaandikwa."

"Cha pili kiandikwe kwa wino mzito."

"Nakuja na watu. Nipe saa mbili."

Alishuka taratibu. Mara tisa njia ilijikunja, na kila kona alitamani asimkute.

Alimkuta. Alikuwa na ndoo na kitambaa, anaosha masizi kwenye kioo cha mbele. Mzee na Bega walikuwa pale pale, na bunduki yao ilikuwa juu ya boneti, imeelekezwa kwao, mbali na mikono yao.

"Mbona hukuondoka?"

"Na hawa nani angewalinda?" Alikamua kitambaa. "Halafu ningekwenda wapi? Nyumbani ndiko mngenikuta. Na kwingine sina."

Sindano alikaa kwenye bampa. Shemeji naye akakaa. Gari lilishuka kidogo upande wake, kama siku zote.

"Nilijua lina kitu kibaya," alisema. "Mawe hayafungwi kwenye sponji. Nilijua, nikajiambia sijui."

"Mm."

"Utamwambia nini dada yako?"

"Ulichofanya."

"Vyote?"

"Vyote."

Alitikisa kichwa polepole. "Anza na kile kibaya. Hapendi kuzungushwa."

Helikopta ya Ofisi ilitua mchangani na kuwafunika vumbi. Wanaume wanne waliruka. Bega alibebwa kwenye machela. Mzee wa Mawe aliinamisha kichwa kumpita Sindano, kwa adabu, kama anaaga hotelini. Shemeji alinyoosha mikono mwenyewe. Pingu zilikuwa ndogo. Mwenye kufunga alihangaika.

"Zilegeze," Sindano alisema. "Hakimbii."

Shangazi hakushuka. Kupitia dirishani aliinua kidole gumba, akaonyesha kiti kilichokuwa wazi. Sindano alitikisa kichwa, akaonyesha gari. Mwenyewe hakujua kama alikuwa amekataa lifti au amekataa kuketi mkabala na Shemeji kwa saa mbili. Helikopta ikanyanyuka.

Kimya kikarudi.

Alifukia moto kwa mchanga. Alikusanya masufuria yake, akayafuta, akayapanga. Alikunja mahema. Alipandisha gari kona zote tisa kwa gia ya kwanza, akasimama ukingoni na kupiga namba ambayo vidole vyake viliijua bila macho.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mbona namba ya ajabu hii? Mmefika salama?"

"Tulifika."

"Mpe huyo mzembe wangu simu. Kasahau dawa zake za presha mezani."

Sindano alitazama uwanda.

"Hayupo hapa. Yuko hai, ni mzima. Dada, kesho usiende kazini. Na watoto wasiende shule. Nakuja."

"Kuna nini?"

"Nakuja kukueleza mwenyewe."

"Nieleze sasa."

"Nakuja."

Alikata. Aliikunja antena, akairudisha simu kwenye kitako cha chupa, akavaa miwani ya jua. Kilomita mia nne na themanini. Zingetosha mtu kutafuta maneno, kama yapo.

Akaweka gia.